Nyundo, Kaiija na Neno Lililotupungukia

Nyundo ni neno letu sote. Hapa Nyamiaga, wilayani Ngara, tu jirani wa Burundi, na Mrundi husema inyundo kama Mswahili wa Lamu asemavyo nyundo. Mwenye kuishika ndiye aliyegawanyika majina: Kirundi humwita umucuzi, Kihaya omuhesi, Kiswahili mhunzi. Nyundo yenyewe ya kale haikuwa na mpini. Ilikuwa kipande cha chuma kilichoshikwa kiganjani.

Wapenzi wa lugha wajue kisa cha Katuruka, karibu na Bukoba. Kwenye eneo la kasri ya kale ya mfalme Rugomora Mahe palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, na wazee walieleza kuwa jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba hapo mwaka 1970, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2000. Hapakuwa na maandishi. Jina ndilo lililotunza habari.

Baadaye wazee wa Kihaya, ambao walikwisha kuiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, walijenga tena tanuri la jadi mbele ya watafiti. Walilijenga kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya kale. Shimo la chini walilijaza matete ya kinamasi yaliyounguzwa. Mivukuto ya ngozi ilisukuma hewa kupitia mabomba ya udongo yaliyoingia ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapata moto kabla ya kuufikia mkaa. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha habari hiyo katika jarida la Science, na mabingwa wa madini wakabishana kwa miaka kuhusu kiasi cha joto lile.

Sasa shida yetu. Vitabu vya shule husema wazee waliyeyusha chuma. Sivyo. Kilichoyeyuka ni takataka za mawe. Chuma kilibaki bonge lenye vinyweleo, likafuliwa kwa nyundo hadi likatakata. Kwa Wahaya tanuri lilikuwa mwanamke mwenye mimba, na wafanyakazi walijitenga na wake zao hadi kazi iishe. Kwa maoni yangu, kusema tanuri limejifungua ni sahihi kuliko kuyeyusha, kwa mshairi na kwa mwalimu wa sayansi pia.

Upande wa Biharamulo na Geita, Barongo ndio waliosifika kwa kazi hii, na majembe yao yalisafiri mbali kama bidhaa na kama mahari. Karagwe, jadi humtaja mfalme Ndagara kuwa mhunzi, na hazina ya Bweranyange ilikuwa na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu. Kisha yakaja majembe ya viwandani kutoka ng'ambo, rahisi kwa bei, na matanuri yakazimika. Uhunzi wenyewe haukufa: springi kuukuu ya lori hugeuzwa panga au shoka hadi leo. Aliyepotea ni yule aliyelitoa bonge katika jiwe.

Naona baadhi ya washairi wakiogopa kuandika mavi ya chuma, wakitafuta neno la adabu zaidi. Lipo kamusini, nalo halina tusi. Bila mavi hayo tanuri la wazee lisingesimama.