Samaki Mkubwa wa Sio na Bunyala

Ziwa la Nyanza halina papa, na msomaji wa pwani aliyezoea habari za jarife na dhulumati, za ini la papa linalochemshwa likatoka sifa ya kupaka majahazi, na za ng'onda iliyolisha Mombasa na Unguja, aweza kudhani kwamba wavuvi wa upande wa Busia, ambao maji yao ni matamu, hawakupata kamwe kuijua kazi ya kumwinda samaki mmoja aliye mzito kuliko mtu anayemvuta. Dhana hiyo ilikuwa na haki yake mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapo akaenea sangara, ambaye Wajaluo na majirani zao humwita mbuta, samaki awezaye kufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200, akawatoa watu wa Sio Port na Port Victoria katika uvuvi wa kandokando ya mafunjo akawapeleka kilindini. Na kwa kuwapeleka huko, akaufanya mpaka wa Kenya na Uganda, ambao hata wakati huo ulikuwa jambo la karatasi zaidi kuliko la maji, uwe kitu cha kutiwa maanani na kila mtu mwenye kafi mkononi.

Kabla yake riziki ilikuwa karibu. Wasamia na Wanyala walivua kwa nyuzio za matete mitoni, kwa madema, na kwa vikapu vya wanawake walioingia maji ya magotini wakiswaga samaki. Na msimu wa mafuriko, ningu alipoipanda mito ya Sio na Nzoia kwenda kutaga, ilikuwa neema ya siku chache isiyohitaji chombo. Samaki wa heshima alikuwa ngege, wa jamii ya perege. Mwaka 1905 nyavu za makila zililetwa Ghuba ya Kavirondo na mtu wa Norwei, nazo zikavua kwa wingi usiopata kuonekana, na kwa sababu hiyo hiyo ngege akaanza kuadimika hata serikali ikaingiwa na wasiwasi, ikamtuma mtaalamu Michael Graham kulipima ziwa zima katika miaka ya 1927 na 1928. Miongoni mwa aliyoyaandika ni onyo kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa mno usipotangulia uchunguzi wa kutosha. Onyo hilo lilisomwa na waliopaswa kulisoma, likawekwa kabatini.

Na mpaka je? Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, pamoja na Kisumu, ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mwaka huo likakatwa likatiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, na wenyeji wakalala Uganda wakaamka kwingine bila ya kuondoka vitandani mwao. Amri ya mwaka 1926 ikaunyosha mstari majini, ukipita karibu na visiwa vya Mageta na Sumba hata kuingia katika mdomo wa mto Sio, ambao uliwaacha Wasamia nusu huku na nusu kule. (Port Victoria yenyewe nusura iwe mji wa fahari: wapimaji wa reli wa mwaka 1892 waliikusudia ghuba yake kuwa mwisho wa njia ya kutoka Mombasa, lakini reli ikafuata njia fupi, ikafika Kisumu mwaka 1901, na Bunyala ikabaki na jina la malkia na mitumbwi yake.) Walakini mvuvi wa madema hakuwa na haja na mstari ule. Aliyekwenda ng'ambo ya Sio alikwenda kuzika au kuoa, na samaki wake walikuwa mbele ya nyumba yake.

Mbuta hakuja kwa miguu yake. Maofisa wa Uganda walitaka samaki mkubwa wa kuwala fulu, vile visamaki vidogo vyenye miiba vilivyojaa ziwani na ambavyo wao waliviona havina thamani, na tena walitaka mchezo wa ndoana kwa waungwana wenye nafasi. Wataalamu wakabishana, na walipokuwa bado wanabishana, mtu au watu wakamleta kutoka Ziwa Albert wakamtia kwa siri katika miaka ya 1950. Mwaka 1962 na 1963 akatiwa hadharani Entebbe, na wachache wa Ziwa Turkana wakatiwa Kisumu. Mimi sioni ajabu katika siri ile. Naona ajabu katika uhodari wa serikali wa kuhalalisha baadaye jambo lililokwisha kufanyika.

Kwa miaka kama kumi na mitano alikuwa nadra. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kenya ukaona nyavu za ngege zikirudi zimetoboka matundu ya kupita mtoto, na fulu, ambao walikuwa mamia ya jinsi, wakaanza kutoweka jinsi baada ya jinsi. Watu hawakumpenda mgeni. Mafuta yake mengi yalimzuia kukauka juani kama ngege, akaoza, na ikabidi wanawake wajifunze kumkausha kwa moshi au kumkaanga katika mafuta yake mwenyewe, kazi iliyokula kuni za vilima vya Samia.

Wanaume nao wakajifunza kazi mpya, na siku ya kazi hiyo huanza jioni. Masahibu watatu au wanne, aghalabu wa rika moja, huingia katika chombo cha mbao chembamba, wakiwa na kamba ndefu yenye ndoana mia na zaidi, mawe ya kuizamisha, vipande vya madumu ya plastiki vya kuifanya ielee, na chambo kilicho hai, hususan mumi wachanga waliochukuliwa mabwawani, kwa kuwa mbuta hupenda kinachotapatapa. Usiku upepo hutoka bara ukaelekea ziwani, nao huwasukuma nje bila ya taabu; mchana hugeuka ukatoka ziwani, nao huwarudisha kwa tanga; na mwenye kuzijua saa za pepo hizo mbili haoni haja ya kununua mafuta ya injini. Kamba hutegwa, usiku hupita kwa hadithi na baridi, na alfajiri huanza kuvutwa, mmoja akivuta, mmoja akiikunja kamba isiwatie ndoana miguuni, wa tatu akiyakumba maji yaingiayo. Kamba inapokuwa nzito maneno hukoma. Mbuta mkubwa hana meno ya papa, lakini mifupa ya mashavu yake hukata kama wembe, na akifika juu huruka akitikisa kichwa. Hivyo huachiwa kamba, akavutwa, akaachiwa tena, hata achoke, ndipo apigwe rungu la utosi na kuingizwa chomboni na wote kwa pamoja, chombo kikiinama upande hata maji yakichungulia. Fedha yake hugawanywa pwani: fungu la mwenye chombo, fungu la zana, na baki kwa waliokesha.

Tangu miaka ya 1980 fedha hiyo ilikuwa nyingi, kwa kuwa viwanda vya Kisumu, Homa Bay na Nairobi vilimnunua mbuta vikamchuna minofu ya kupeleka Ulaya, na mwenyeji akauziwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa yenye nyama iliyosahauliwa na kisu. Nyama ya ziwani ikaliwa Ulaya, na mifupa ikarudi Bunyala kwa bei.

Maji ya Kenya yalipopungua samaki wakubwa, vyombo vya Port Victoria na Sio Port vikazidi kusogea nje, na nje ni Uganda. Sehemu ya ziwa iliyo ya Kenya ni asilimia 6 tu, na kamba iliyotegwa usiku haisomi amri ya mwaka 1926. Ndipo zikaanza habari za kukamatwa, vyombo na injini kutwaliwa, faini kulipwa Majanji upande wa Uganda, mambo yaliyozidi Uganda ilipowaweka wanajeshi ziwani mwaka 2017. Insafu yataka isemwe kwamba Uganda ilikuwa na hoja, kwani nyavu za macho madogo zilikuwa zikiwamaliza wachanga. Lakini ukali ule humwangukia mtu wa ndoana pia, ambaye mtego wake hauwalengi wachanga.

Wakati huo huo samaki wale wale hupita mpakani Busia kwa njia ya halali, wamebebwa na magari na wanawake wa soko, na hapana anayeuliza walivuliwa upande gani wa Sumba. Kanuni ya nchi tatu za ziwa iliwahi kuruhusu viwanda kupokea mbuta wa sentimita 50 hadi 85 pekee, ili wakubwa waachwe watage. Mkubwa anayenaswa hata hivyo hupasuliwa pwani, nyama yake ikauzwa papo hapo, na bondo lake, kile kibofu cha hewa ambacho zamani kilitupiwa mbwa, likakaushwa na kusafirishwa hadi China, kwa bei ambayo kwa uzito hupita mbali bei ya mnofu.