Nondo wa Rannoch, jike asiye na mabawa

Nondo tunayemjua wengi wetu huku Pwani ni yule anayezunguka taa usiku. Leo nataka kuwajulisha mwenzake wa mbali, ambaye jike wake hawezi kuruka kabisa. Kitaalamu anaitwa Lycia lapponaria. Katika Uingereza yote, anapatikana kwenye nyanda za juu za Uskoti pekee, na jina lake la kawaida limetokana na Rannoch, sehemu mojawapo ya nyanda hizo. Wengine wako Skandinavia.

Makazi yake ni nyika za majimaji zenye ardhi nyeusi ya mboji, vichaka vifupi na miti michache.

Wakubwa hutoka ardhini kuanzia mwisho wa Machi hadi mapema Mei. Dume ana mabawa ya kijivu, mepesi hata yanakaribia kupenya mwanga. Jike ni kiwiliwili tu chenye manyoya, na rangi ya chungwa mgongoni. Hutambaa hadi juu ya kijiti au nguzo ya ua, akatoa harufu, na dume humfuata kwa harufu hiyo. Kwa hiyo anayemtafuta nondo huyu hukagua nguzo moja moja mchana.

Mayai hutagwa kwenye nyufa. Viwavi hula majani ya Myrica gale, kichaka chenye harufu nzuri, pamoja na mimea mingine ya nyikani. Wakishiba hujifukia, wakawa pupa, na kulala majira yote ya baridi. Baadhi hulala zaidi ya mwaka mmoja, na hiyo ni akiba: mwaka mmoja ukiwa mbaya, si wote watakaoangamia.

Lakini akiba hiyo ina mpaka. Nyika ikichomwa moto, ikilishwa mifugo kupita kiasi au ikipandwa miti ya mbao, jike hana bawa la kumpeleka kwingine. Ndiyo maana siikubali ile kauli tunayoisikia hata huku kwetu msitu unapokatwa, kwamba "wanyama watahama tu". Anayehama ni mwenye uwezo wa kuhama na mwenye pa kwenda. Kwa viumbe kama huyu, kulinda makazi ndiko kumlinda mwenyewe.