Karanga za Kongwa

Ni desturi ya watu wengi kumsifu mtu anayeonekana akihangaika. Karani aendaye mbio na faili kwapani huhesabiwa kuwa mchapa kazi, na mwenziwe aliyeketi kimya akipiga hesabu huulizwa kama hana la kufanya. Kosa hili likitendeka ofisini hasara yake ni ndogo. Lakini historia ya Afrika Mashariki inao mfano wa serikali nzima iliyolifanya, ikapoteza mamilioni ya pauni.

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, hata watu wakawa wakipimiwa kwa kadi. Mwaka uliofuata Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa kampuni ya United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mitambo katika mapori ya Tanganyika. Ujumbe ukatumwa chini ya John Wakefield, ukaizunguka nchi kwa muda mfupi, tena sehemu kubwa kwa ndege. Uliporudi ulipendekeza zifyekwe eka zaidi ya milioni 3, nyingi Tanganyika, na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi, na mavuno yalitarajiwa kufika tani 600,000 kwa mwaka.

Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mapema mwaka 1947. Mgeni aliyefika huko angalidhani hakuna mahali duniani penye bidii kama hapo. Matrekta yaliletwa kutoka mbali, mengi yakiwa yamekwisha kutumika vitani, na baadaye hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mawili yalifungwa mnyororo mzito katikati, yakaenda sambamba, na pori lililo kati yao likalala chini. Karakana zilijengwa, na mahema, na ofisi, na hospitali. Mngurumo haukukoma.

Lakini pori lililolala chini si shamba. Mizizi ilibaki ardhini imesokotana, nayo ilivunja majembe ya matrekta. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali uliokula vyuma, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali. Na karanga, kama ajuavyo kila aliyewahi kuzing'oa, hukua chini ya ardhi. Matrekta mengi yakalala karakana yakingoja vipuri. Mwaka ule wa kwanza ilikusudiwa zipatikane eka 150,000. Zilizopatikana hazikuzidi 7,500 kwa wingi.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini shughuli hiyo haikusimamishwa papo hapo. Kwa maoni yangu jibu limo katika kipimo chenyewe. Waliotaka karanga walikuwa wamekwisha kuanza kuhesabu eka. Eka ikifyekwa iliandikwa katika taarifa, na taarifa ikapelekwa London, na huko ikasomwa kama habari ya maendeleo. Swali la tani lilingoja. Swali la mvua lilingoja zaidi, ingawa Wagogo waliokuwa hapo tangu zamani wangaliweza kulijibu bila ndege: nchi yao hupata mvua haba, na njaa si mgeni kwao, ndiyo sababu walitegemea mtama, uwele na ng'ombe. Tena hapakutangulia shamba dogo la majaribio, kwa kuwa shamba dogo lingeonekana kama kupoteza wakati.

Tusiwadhulumu wale waliofanya kazi Kongwa. Hawakuwa wavivu, wala jasho lao halikuwa la uongo. Ubaya wa jambo hili ni huo hasa, kwamba maelfu ya watu walitoka jasho la kweli kwa kazi isiyoweza kuzaa.

Wakati huohuo, huko Kano, kaskazini ya Nigeria, hapakuwa na mnyororo wala kifaru. Tangu reli ilipofunguliwa mwaka 1912, wakulima wadogo walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono katika mashamba yao wenyewe, baada ya kuhakikisha chakula cha nyumbani. Magunia yalipangwa juu kama piramidi, na katika miaka ile ya taabu ya Kongwa yalizidi uwezo wa mabehewa kuyachukua. Kampuni ya Bwana Samuel ilikuwa mmoja wa wanunuzi wa karanga hizo.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule. Hasara ilizidi pauni milioni 35. Mashamba yaliyosalia Kongwa, Urambo na Nachingwea yakageuzwa kuwa ya majaribio, yaani kile kilichopasa kutangulia kikaja mwisho. Kusini ilikuwa imejengwa reli ya kuchukua karanga kutoka Nachingwea hadi pwani. Karanga hazikuja, na mapema katika miaka ya 1960 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mpango huohuo, ingali ikitumika. Meli hupakia huko korosho, nazo hulimwa zaidi na wakulima wadogo.