Kwa nini mgonjwa wa dharura hucheleweshewa dawa ya maumivu

MGONJWA anayefikishwa katika idara ya dharura akiwa amejishika tumbo kwa uchungu aghalabu hupimwa presha, hutolewa damu na kuulizwa maswali mengi kabla ya kupewa chochote cha kumtuliza. Jamaa zake wakilalamika, huambiwa wangoje daktari abaini kwanza kinachomsumbua.

Desturi hiyo ina chimbuko lake. Mnamo 1921 Zachary Cope, daktari Mwingereza wa upasuaji, alichapisha kitabu kuhusu utambuzi wa mapema wa magonjwa ya ghafla ya tumbo. Alionya kuwa mofini ikitolewa mapema itaficha dalili, mgonjwa aonekane ana nafuu ilhali anaangamia. Enzi hizo onyo hilo lilikuwa na mashiko, kwani hapakuwa na mashine za kupiga picha za ndani ya tumbo kama za leo. Daktari alitegemea mikono yake.

Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1992, wagonjwa 100 wenye maumivu makali ya tumbo waligawanywa, baadhi wakadungwa dawa ya jamii ya afyuni na wengine maji ya chumvi. Waliodungwa dawa walipata nafuu, na uamuzi wa madaktari haukupotoka kwa sababu hiyo. Isitoshe, tumbo lililolegea hupapasika vyema kuliko lililokazwa kwa uchungu.

Hata hivyo, hofu ya kuficha ugonjwa haielezi yote. Mguu uliovunjika huonekana kwenye eksirei, dawa itolewe isitolewe. Lakini mwaka wa 1993 Knox Todd na wenzake waliripoti kuwa katika hospitali moja ya Los Angeles, Marekani, asilimia 55 ya wagonjwa wa asili ya Kilatino waliovunjika mifupa mirefu hawakupewa dawa yoyote ya maumivu, ikilinganishwa na asilimia 26 ya Wazungu. Mifupa ni ile ile. Kilichotofautiana ni kilio cha nani kilichosadikiwa.

Humu nchini, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, ingawa hakitaji maumivu. Mgonjwa anaweza kumwambia muuguzi kiwango cha maumivu yake kati ya 0 na 10, naye mtoto huonyeshwa picha za nyuso achague. Yafaa pia ataje dawa alizokwisha kumeza na zile zinazomdhuru, kisha aombe kupimwa upya, kwa kuwa dawa huweza kuisha nguvu angali kwenye foleni ya eksirei.