Jinsi Umeme Ulivyopata Kuipima Damu

Mfanyabiashara mwenye haki hauzi mchele wake kwa kuukadiria kwa macho. Huutia katika pishi, au huuweka katika mizani, mnunuzi akaona na kuridhika. Lakini mganga alikaa zama nyingi pasipo pishi ya kupimia hali ya damu ya mgonjwa wake. Alitazama rangi ya midomo, akagusa mshipa, akasikiliza pumzi, kisha akakisia. Jioni hii, wasikilizaji, twapenda kueleza jinsi pishi hiyo ilivyopatikana.

Asili ya habari hii ni mabishano ya wataalamu wawili wa Italia. Mwaka wa 1791 Luigi Galvani wa mji wa Bologna alitangaza kwamba mguu wa chura aliyekufa hushtuka ukiguswa na madini za namna mbili zilizounganishwa. Alidhani kwamba umeme ule ulikuwamo katika mnyama mwenyewe. Alessandro Volta hakukubali. Alisema watoka katika kukutana kwa madini zile. Naye mwaka wa 1800 alipanga vipande vya zinki na vya fedha, na kati yao vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme usiokatika. Basi watu wakajua ya kuwa mabadiliko ya kikemia huweza kuzaa umeme. Na ikiwa ni hivyo, umeme nao huweza kutupa habari za mabadiliko hayo.

Mwaka wa 1909, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mjini Copenhagen, nchi ya Denmark, S. P. L. Sørensen alitunga kipimo cha uchachu kiitwacho pH. Maji safi huhesabiwa 7. Kilicho chini ya hapo ni kichachu, na kilicho juu yake huelekea hali ya magadi. Mwaka ule ule Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz walieleza elektrodi ya kioo, yaani tufe dogo la kioo chembamba ambalo umeme wake hubadilika kwa kadiri ya uchachu wa maji linamotiwa. Damu ya mtu mzima wa afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, na kuacha mpaka huo ni hatari.

Thamani ya jambo hili ilidhihirika huko huko Copenhagen mwaka wa 1952, ulipozuka ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 31 wa kwanza waliopungukiwa na nguvu za kuvuta pumzi walitiwa katika mashine za kupumulia. 27 kati yao walikufa. Kipimo cha siku zile kilionyesha kuwa hewa ya kaboni imezidi katika damu, na waganga wakafasiri kuwa damu imegeuka kuwa ya magadi. Daktari Bjørn Ibsen alikuwa na maoni mengine: hewa hiyo imezidi kwa sababu mgonjwa hapumui vya kutosha kuitoa, na damu imekuwa chachu. Elektrodi ikatiwa katika damu, ikamshuhudia Ibsen. Ndipo wagonjwa wakatobolewa kooni, wakatiwa mrija, na wanafunzi wa uganga kwa mamia wakapokezana mchana na usiku kuwapulizia hewa kwa mfuko wa mpira uliobinywa kwa mikono. Vifo vikapungua sana.

Tuangalie vema: hesabu ya kwanza haikuwa ya uongo, bali haikutosha, na iliyokosewa ni tafsiri yake.

Huko Marekani, Leland Clark alitaka kupima oksijeni. Platinamu ikitiwa wazi katika damu huchafuka upesi. Basi aliifunika kwa utando mwembamba wa plastiki unaopitisha oksijeni na kuzuia vingine, akatangaza kazi hiyo mwaka wa 1956. Mwaka wa 1962, pamoja na Champ Lyons, alieleza njia ya kuongeza juu ya elektrodi kimeng'enya kinachotumia oksijeni katika kuichoma sukari. Oksijeni ikipungua, sukari hujulikana kadiri yake. Toka hapo kikazaliwa kile chombo kidogo cha wagonjwa wa kisukari: tone moja la damu ya kidole huwekwa juu ya kipande chembamba, umeme hupita, na hesabu huonekana kwa muda wa sekunde chache.

Hivi, wasikilizaji, mguu wa chura na kiwanda cha bia vimefika mpaka kitandani kwa mgonjwa. Lakini yatupasa kukumbuka mambo mawili. Chombo kisicho na vipande vyake vya kupimia hakimfai mgonjwa, hata kikiwa kizuri namna gani. Na vipande hivyo hununuliwa tena na tena, jambo lililo mzigo mzito kwa maskini. Tena, hesabu haisemi peke yake; yataka mtu wa kuiuliza sawasawa. Pishi ni moja, lakini mpimaji asiyejua apimacho hatauona upungufu.