Kirutubishi na Njia Yake: Vyakula Vilivyoongezwa Virutubishi na Utumbo wa Mtoto, kutoka Kilosa hadi Kwale

Kata ya Lumuma ipo magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, inapopakana na Wilaya ya Mpwapwa ya Mkoa wa Dodoma. Bonde lake hujulikana kwa vitunguu vya umwagiliaji vinavyouzwa mijini. Chakula kikuu cha watoto, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya ukanda huo, ni uji na ugali wa mahindi yaliyosagwa katika mashine ya kijijini. Insha hii inaanzia hapo kuchunguza historia ya wazo moja: kwamba upungufu wa vitamini na madini kwa watoto huondolewa kwa kuongeza virutubishi hivyo katika chakula. Hoja yake ni kwamba, kwa muda mrefu, wazo hilo lilipima kile kinachoingia kinywani na kuisahau njia kinamopita, yaani utumbo.

Historia hiyo ina mizizi Kilosa kwenyewe. Michael Latham, mmoja wa wataalamu wa lishe waliojulikana zaidi katika karne ya ishirini, alizaliwa Kilosa mwaka 1928. Baada ya masomo ya udaktari huko Dublin alirudi Tanganyika kufanya kazi ya utabibu, na hatimaye akaongoza kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya, kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1964. Kitabu chake kuhusu lishe katika Afrika ya kitropiki, kilichotolewa na FAO mwaka 1965, kilikusudiwa wahudumu wa vijijini, na kiliijadili lishe pamoja na kilimo, maradhi na desturi za mlo.

Akiwa Chuo Kikuu cha Cornell, Latham alishirikiana na Lani Stephenson katika tafiti za minyoo nchini Kenya, kwanza Machakos na baadaye Kwale. Tafiti hizo zilionesha kuwa watoto wenye minyoo waliopewa dawa walikua vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakutibiwa. Maana yake kwa historia hii ni kubwa: mtoto aliweza kudumaa si kwa sababu ya uhaba wa chakula pekee, bali pia kwa sababu utumbo wake ulikuwa na mlaji mwingine. Safura, kwa mfano, hunyonya damu, na hivyo humpotezea mtoto chuma kilichokwisha kufyonzwa.

Hatua iliyofuata ilifanyika jirani na Lumuma. Katika shule za msingi za vijijini wilayani Mpwapwa, watafiti wa Cornell na wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, walilinganisha makundi mawili ya wanafunzi kwa muda wa miezi sita. Kundi moja lilipewa kinywaji chenye chuma, vitamini A na virutubishi vingine. Jingine lilipewa kinywaji kinachofanana nacho kisicho na virutubishi hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kuwa upungufu wa vitamini A na wa chuma ulipungua katika kundi la kwanza, na watoto wake waliongezeka uzito na kimo zaidi. Kwa watetezi wa urutubishaji, huo ulikuwa ushahidi uliopatikana katika mazingira yaleyale ya vijijini yaliyohitaji msaada.

Hata hivyo, mwaka huohuo tahadhari ilitoka Pemba. Jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 24,000 walio chini ya miaka mitatu lililazimika kusitisha utoaji wa vidonge vya chuma na asidi ya foliki mwezi Agosti 2003. Kwa mujibu wa matokeo yaliyotolewa mwaka 2006, waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa hospitalini. Madhara hayo yalihusishwa hasa na malaria. Na watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma, waliofuatiliwa na kutibiwa kwa karibu, walinufaika. Kirutubishi kilekile kilikuwa dawa kwa mmoja na hatari kwa mwingine.

Utumbo wenyewe ulipochunguzwa, swali lilizidi kuwa gumu. Pwani ya kusini ya Kenya, watoto wa umri wa miezi sita walilishwa uji wa mahindi uliochanganywa na unga wa virutubishi. Taarifa ya mwaka 2015 ilionesha kuwa uji wenye chuma uliongeza bakteria wenye kuleta maradhi na dalili za uvimbe wa utumbo. Sababu inaeleweka: mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma, kinachobaki hushuka katika utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria. Utafiti wa mwaka 2017 katika eneo hilohilo uliongeza katika unga huo aina ya sukari inayolisha bakteria wenye manufaa, na madhara mengi yakapungua.

Vitamini A nayo ina uhusiano wake na utumbo. Huhitajiwa ili kudumisha utando wa ndani wa utumbo, na hufyonzwa pamoja na mafuta. Kwa hiyo kuharisha kwa mara kwa mara hupunguza ufyonzaji wake, na upungufu wake hudhoofisha utando uleule unaopaswa kuipitisha. Utafiti wa mwaka 2010 wa demografia na afya nchini Tanzania ulikuta asilimia 33 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu huo. Katika mwaka huo, Latham alichapisha makala kali akidai kuwa kampeni za matone ya vitamini A zilikuwa zikiendeshwa bila ushahidi wa kutosha, huku zikififisha juhudi za kuboresha chakula chenyewe.

Kanuni za urutubishaji za mwaka 2011, na uzinduzi wa kitaifa wa mwaka 2013 uliofanywa na Rais Jakaya Kikwete, zilichagua njia ya viwanda: unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Njia hiyo huwafikia wanunuzi wa unga wa pakiti. Familia inayosaga mahindi yake yenyewe hubaki nje ya mfumo, ilhali watoto wake ndio walio karibu zaidi na minyoo, maji machafu na kuharisha.

Historia hii haihukumu urutubishaji kuwa ni kosa. Mpwapwa inakataza hitimisho hilo. Inachoonesha ni kwamba mafanikio ya kirutubishi yalitegemea hali ya mwili uliokipokea. Sera itakayopeleka virutubishi katika mashine za kijijini bila maji salama, vyoo, tiba ya minyoo na kinga ya malaria itakuwa imerudia kosa la zamani la kuhesabu kilichotolewa badala ya kilichofyonzwa.