Kifaa Kimesinzia, Mfumo U Macho

Unapoandika barua kwenye kompyuta ya mkononi, kamera iliyo juu ya kioo haina la kufanya. Kadi ya sauti vilevile, maana hakuna wimbo unaopigwa. Vyote hivyo vikiachwa wazi vinakula betri kidogokidogo. Kuvipunguzia umeme kimoja kimoja vinapokosa kazi, na kuvirudishia pale tu vinapohitajika, huku kompyuta yenyewe ikiendelea na barua yako, ndiko kunakoitwa kwa Kiingereza "runtime power management". Katika Linux, utaratibu mmoja wa jambo hili kwa draiva (programu zinazoendesha vifaa) za kila aina uliingia kwenye toleo la 2.6.32, Desemba 2009, kwa kazi kubwa ya Rafael J. Wysocki.

Neno linalokwaza ni lile la kwanza. Tafsiri ya haraka ni "wakati wa utekelezaji", nayo inafaa tukizungumzia programu inayotekelezwa. Hapa inapoteza maana. Ukifunga kifuniko cha kompyuta, mfumo mzima unalala: programu zinagandishwa, vifaa vyote vinanyamaza pamoja. Tunachokitafutia jina ni kinyume cha hilo. Mfumo uko macho, programu zinakwenda, na ni kiungo kimoja tu kilichoinamisha kichwa. Kwa hiyo napendekeza: usimamizi wa umeme mfumo ukiwa macho. Ile "ki" ya "ukiwa" inafunga mambo mawili yanayokwenda kwa wakati mmoja, na kuwa macho ndilo sharti lenyewe. Nimechagua umeme badala ya nishati kwa sababu nishati imezoeleka kwa habari za gesi, mafuta na wizara, ilhali kinachopunguzwa hapa ni umeme hasa.

Mjadala mtamu uko kwenye kitenzi. Kifaa kinafanywa nini? "Kusimamishwa" hakufai: mfanyakazi aliyesimamishwa kazi hukaa nyumbani akingoja barua, lakini kifaa hiki huenda kikarudi kazini ndani ya milisekunde chache. "Kuzimwa" nako kunapotosha, kwa sababu kilichozimwa huanza upya kabisa, ilhali hiki draiva yake imetunza hali yake ili kirudi palepale kilipoachia. "Kulazwa" kungependeza kama hospitali zisingelichukua neno hilo. Ukisema kamera imelazwa, msikilizaji atauliza inaumwa nini. Linabaki kusinzisha. Kusinzia ni usingizi wa kikaoni: kichwa kinainama, ukiguswa bega unashtuka na kuendelea kusikiliza. Ndivyo hasa kifaa kinavyofanya. Na hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo Kiingereza hakina, maana chenyewe hutumia kitenzi kimoja kwa kompyuta nzima na kwa kifaa kimoja. Sisi tunaweza kusema mfumo umelala, kifaa kimesinzia, na fundi akajua papo hapo tatizo liko wapi.

Pacha wa kusinzisha ni kuamsha. Kuzindua kungefaa pia, kwani ni kumtoa mtu kwenye usingizi au bumbuwazi, ila leo neno hilo limekwishazoeleka kwa miradi na vitabu vipya.

Draiva inajuaje kwamba kifaa hakina kazi? Kila kifaa kina kihesabio. Anayekihitaji hujiandikisha, na hesabu inaongezeka kwa moja. Akimaliza hujiondoa, inapungua kwa moja. Ikifika 0, kifaa kinaweza kusinzishwa, mara nyingi baada ya kungoja kidogo, kwa kuwa kusinzisha na kuamsha kila mara nako kuna gharama yake. Vifaa vina nasaba pia: kidhibiti cha USB ni mzazi, kipanya ni mwana. Kwa kawaida mzazi hasinzii mwana akiwa macho. Mama aliyelea mtoto mchanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimesema "kujiandikisha" kwa makusudi. Majina ya Kiingereza ndani ya Linux yanaizungumzia hatua hiyo kama kuchukua kitu, na jina hilo limewaponza wengi. Amri iliyotumika sana kwa kazi hiyo huongeza hesabu hata pale kifaa kinaposhindwa kuamka. Mwandishi wa draiva anaona imeshindikana, anajiambia hajachukua chochote, anaondoka bila kupunguza. Hesabu haifiki 0 tena, na kifaa hakisinzii tena. Anayefikiri "nimejiandikisha" anajua jina lake limebaki kitabuni hata kama mlango haukufunguka. Mwishoni mwa 2020, Linux 5.10 ilikuja na amri mpya inayolifuta jina hilo yenyewe uamshaji ukishindikana.

Draiva nimeiacha kama mafundi wanavyoitamka. Dereva wa gari alitokana na neno hilohilo la Kiingereza. Lilipokuja mara ya pili, na kompyuta, likavaa umbo jingine, wala hakuna anayechanganya. "Kiendeshi" kingeleta utata, kwa kuwa wapo wanaoita hivyo kifaa cha diski.

Sasa tuyajaribu maneno haya kwenye kipanya cha USB. Kikiwa kimeruhusiwa kusinzia na kikakosa kazi, Linux hungoja sekunde 2, kama hakuna aliyebadilisha, kisha hunyamazisha waya. Kipanya kisiposikia kitu kwa milisekunde 3 kinaingia usingizini. Kwa hiyo kimesinzishwa. Hakikusinzia kwa hiari yake. Kuamshwa kwake huhitaji ishara ya angalau milisekunde 20, na kikisogezwa chenyewe kinaweza kuomba waya uamshwe.

Lakini vipo vifaa vinavyoamka vibaya, au visivyoamka kabisa. Ndiyo maana Linux kwa kawaida huruhusu habu za USB zisinzie na kuviacha vifaa vingine vingi hadi vipewe ruhusa. Ruhusa hiyo huandikwa kwenye faili dogo la kila kifaa, kwa neno moja kati ya mawili. La kukiruhusu ningeliandika "sinzia". La kukikataza, mfasiri mwenye haraka angeandika "washa", na angekosea, kwa sababu kifaa tayari kinawaka. Kinachoagizwa ni kwamba kisifumbe jicho hata kazi ikikosekana. Hapo ningeandika "kesha".